Picha za mnato kutoka kwenye video: kamati ya harusi inaokoa nini?

Kwenye vikao vya harusi hapa Mtwara, bajeti ikibana haikosi hoja hii: mpiga video peke yake anatosha, kamera yake ni ya 4K, picha za mnato atazitoa humohumo. Mpiga picha akatwe. Si hoja ya kubeza, ila wengi wanaoitoa wanahesabu pikseli tu, zile nukta ndogo zinazounda picha.

Kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Iweke kwenye video ya 4K, fremu yake, yaani picha moja kati ya zinazounda video, inakuwa 3840 kwa 2160, yaani megapikseli 8.3 hivi. Kwenye Full HD, ile video ya daraja la chini ya 4K, ni megapikseli 2 na ushee. Ile 24 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya picha, si ya video, na muuzaji hana haraka ya kukwambia.

Hata hivyo megapikseli 8 si haba. Ukisafisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata karibu inchi 13 kwa 7. Kwa albamu ya kawaida inafaa, na kwa grupu la WhatsApp la ukoo inatosha na kusaza. Tena video ina fremu 25 kila sekunde: bibi harusi akifunuliwa shela, lile tabasamu la kufumba na kufumbua halipotei. Hapo wanaobana matumizi wana haki yao.

Shida inaanza ngoma ikikolea. Video ya fremu 25 kwa kawaida hupigwa kwa shata ya 1/50 ya sekunde, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ili mwendo uonekane laini. Mcheza sindimba ukimtazama kwenye video yuko sawa. Simamisha fremu uone, viganja vimefutika na kiuno kimekuwa ukungu. Mpiga picha angetumia 1/500. Mwambie mpiga video naye apandishe shata hadi hapo: mwanga unapungua mara kumi, ukumbini usiku atapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha ijae chengachenga, na video yenyewe itaonekana inarukaruka. (Anayerekodi magofu ya Kilwa Kisiwani mchana hana mashaka haya. Ukuta haukimbii.)

Kuna na kubanwa kwa faili. Kamera nyingi huhifadhi fremu chache tu zikiwa nzima, zinazofuata huandikwa mabadiliko tu. Na rangi mara nyingi huchukuliwa sampuli moja kwa kila pikseli nne. Kanga yenye nakshi nyekundu ndiyo ya kwanza kuumbuka, kingo zake zinavuja.

Halafu umbo. Video imelala, bibi harusi amesimama. Kata picha ya wima ya 2 kwa 3 ndani ya fremu ya 4K, unabaki na pikseli 1440 kwa 2160, megapikseli 3 tu, na hiyo ndiyo picha ambayo wazazi wanataka waitundike sebuleni kwa ukubwa wa bango.

Mimi ningekata maua na keki kabla ya mpiga picha. Lakini kama fedha ni ya mtu mmoja basi, patana naye mapema: maharusi wakisimama na wazazi, asimamishe video dakika chache, ageuze kamera iwe ya mnato. Pengo litakalobaki kwenye video, mhariri ataliziba kwa muziki.