Mirongo vipaji vipo, pointi ndizo haziandikwi

Nikiangalia kutoka huku Uholanzi, vijana wanaocheza kikapu Mirongo, Mwanza, hawajazidiwa chenga wala kuruka na wenzao wa viwanja vya mtaani vya Amsterdam. Wamezidiwa daftari. Huku michuano ya watatu kwa watatu huingizwa kwenye mfumo wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, kila mchezaji akapata pointi zake. Kwetu mara nyingi bonanza likiisha Jumapili jioni, bingwa anaondoka na jezi, basi.

Na pointi ndizo ajira. FIBA huhesabu matokeo 9 bora ya mchezaji ndani ya miezi 12, timu ikapangwa kwa jumla ya pointi za wachezaji wake, na nafasi hiyo ndiyo huipeleka kwenye michuano yenye fedha. Matokeo yakipitisha miezi 12 hayahesabiwi tena, kwa hiyo bonanza moja kwa mwaka halimfikishi mtu popote. Waandaaji wa Mwanza wakae na TBF, shirikisho la kikapu Tanzania, wasajili shindano mapema, wachezaji wafungue akaunti zao FIBA, matokeo yaingizwe.

Wapo wanaotegemea madoido. Kweli, mwaka 2003 Mmarekani Grayson Boucher alipata mkataba wa AND1, kampuni ya viatu na mavazi ya kikapu, kwa chenga zake. Lakini Rafer Alston, aliyetoka viwanja vya New York hadi fainali za NBA 2009, alipitia kwanza chuo cha Fresno State.

Wadogo zangu, kitakachowaponza zaidi ni sheria. Mechi ya watatu kwa watatu ni dakika 10, au wa kwanza kufika pointi 21, na mna sekunde 12 tu za kushambulia. Mkifungwa, hakuna kusimama kukabidhiana mpira juu kama tulivyozoea mtaani: unauchukua chini ya ringi na kuutoa nje ya tao, ule mstari wa upinde, papo hapo. Anayesimama kulalamika faulo anafungwa tena. Mpira una ukubwa wa namba 6 na uzito wa namba 7, ule wa kawaida wa wanaume. Aliyezoea namba 7 pekee mtupo wake wa mbali unapotea, nao ndio wenye pointi 2. Fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Paris 2024 iliamuliwa hivyo: Worthy de Jong alirusha kutoka mbali katika muda wa nyongeza, Uholanzi ikaifunga Ufaransa 18–17.

Uwanja wala si mkubwa, mita 15 kwa 11. Saruji iwe na mteremko kidogo, la sivyo mvua za masika zitaacha madimbwi. Ringi iwe mita 3.05 juu, kipenyo cha ndani sentimita 45, ya chuma laini cha mviringo cha milimita 16 hadi 20. Nondo yenye mistari hukata nyavu. Nguzo isimame nje ya mstari wa mwisho wa uwanja, ubao ndio uingie ndani mita 1.2. Mafundi wengi husimika nguzo chini ya ringi kabisa, na mchezaji anayeingia kufunga kwa kasi huishia kuigonga kwa goti au kichwa.