China na Vietnam: fadhila iligeuka deni, deni likazaa vita

Kuna swali huwa linanirudia kila nikisoma historia ya hawa majirani wawili, iweje nchi zote mbili za kikomunisti, zote bendera nyekundu yenye nyota za njano, zije kuuana kwa maelfu mwaka 1979, miaka minne tu baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mikononi mwa wakomunisti wa kaskazini? Wengi wanamaliza haraka kwa kusema fulani alimsaliti fulani. Mchina anasema Mvietnam hana shukrani, Mvietnam anasema Mchina ni jirani wa kukutumia. Mimi naona kila mmoja ana hoja nzito, na ndo maana hii ishu inauma.

Tuanze na Mchina. Januari 1950 serikali ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Vietnam, iko msituni ikipigana na mkoloni Mfaransa, hakuna nchi hata moja inayoitambua, na China ya Mao yenyewe haijamaliza hata miezi minne tangu itangazwe, lakini ikawa ya kwanza kuitambua. Washauri wa kijeshi, bunduki na mizinga vikaanza kuvuka mpaka, na kwa mizinga hiyo Wavietnam walimsulubu Mfaransa pale Dien Bien Phu mpaka akasalimu amri Mei 1954. Halafu kuanzia 1965, Marekani inamwaga mabomu kaskazini, wanajeshi wa China zaidi ya 320,000 walipita kule kwa zamu, wengi wao mafundi wa reli na barabara na watu wa mizinga ya kutungulia ndege, yani daraja linalipuliwa, wanalirudisha, linalipuliwa tena, wanalirudisha tena. Zaidi ya elfu moja walikufa na wengi wamezikwa hukohuko. Sisi Watanzania tuna pa kuanzia kuelewa hilo, makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga TAZARA yapo Gongo la Mboto, na mtu aliyefia kwako akikujengea reli humuongelei kirahisi.

Kwahiyo Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati wa vita ya 1979, aliposema Vietnam inatakiwa ifundishwe adabu, Wachina wengi walimuelewa. Fadhila za punda ni mateke.

Sasa hamia kwa Mvietnam. Mazungumzo ya amani ya Geneva 1954, ameshinda uwanjani, anafika mezani Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, anamsukuma akubali nchi ikatwe vipande viwili kwenye latitudo ya 17, kisa Beijing imetoka kumwaga damu Korea na haitaki Mmarekani aje tena mpakani kwake. Februari 1972 vita haijaisha, Rais wa Marekani Nixon anapokelewa Beijing na Mao mwenyewe. Januari 1974 China inavichukua kwa nguvu visiwa vya magharibi vya Paracel, kwenye Bahari ya Kusini ya China, kutoka kwa Vietnam Kusini, na Hanoi, yani Vietnam Kaskazini, ikameza uchungu maana bado ilikuwa inahitaji msaada. Na juu ya yote hayo kuna miaka karibu elfu moja ya kutawaliwa na Wachina hadi karne ya 10, hicho kitu kila mtoto wa Kivietnam anakijua.

Ila kwangu kikubwa ni Pol Pot, mtawala wa Kambodia. Watu wake, Khmer Rouge, walikuwa wanavuka mpaka kuchinja watu, Aprili 1978 kijiji cha Ba Chuc pekee waliuawa zaidi ya watu 3,000, na aliyekuwa nyuma ya Pol Pot ni Beijing. Hapo simtetei Mchina kabisa. Lakini Vietnam nayo isijifiche, mwaka huohuo iliwabana raia wake wenye asili ya China, ikawafungia biashara, na zaidi ya laki moja na nusu wakakimbilia China wakiwa wamepoteza kila kitu. Novemba ikasaini mkataba na Moscow, wakati China na Wasovieti walishapigana mpakani 1969, Desemba ikaingia Kambodia kumng'oa Pol Pot. Ukikaa Beijing unaona umezingirwa kaskazini na kusini.

Tarehe 17 Februari 1979 China ikavamia. Hapa kuna kitu kidogo ambacho huwa sikisahau. Karibu na Lang Son kuna lango la zamani la mpakani, jina lake la kale lilimaanisha kuidhibiti kusini, wakomunisti wakalibadilisha, na mwaka 1965 likaitwa Lango la Urafiki. Vita ilipita palepale, Dong Dang iliyo kilomita chache kutoka langoni ilikuwa kati ya miji ya mwanzo kupigwa, na Wachina walipoondoka katikati ya Machi waliacha Lang Son, Cao Bang na Lao Cai vifusi. Kila upande ukatangaza umeshinda. Kama lengo lilikuwa kuitoa Vietnam Kambodia basi lilifeli, ilikaa mpaka Septemba 1989, na mpakani waliendelea kuuana miaka yote hiyo.

Ninachokiona mimi ni kwamba shida haikuwa kukosa undugu, undugu ndo uliwaponza. Kila kitu kilienda kwa kuaminiana na kukumbushana, aliyetoa anategemea kutiiwa, aliyepokea anaona heshima yake imekwisha, na hakuna karatasi inayosema mwisho wa hili ni wapi. Mwaka 1990 ukomunisti unaporomoka Ulaya viongozi wao wakakutana kwa siri Chengdu, 1991 wakarudisha uhusiano. Wapo wanaosema ule ulikuwa mpango wa vyama kulinda madaraka yao, na sipingi. Ila safari hii waliandika. Mkataba wa mpaka wa nchi kavu ukasainiwa Desemba 1999, wakapima zaidi ya kilomita 1,300 na kusimika nguzo karibu 2,000 mpaka kazi ikaisha, na mwaka 2000 wakagawana Ghuba ya Tonkin, bahari iliyo kati yao. Leo pale kwenye Lango la Urafiki yanapanga foleni malori ya matunda.

Ila visiwa vya Paracel na Spratly, ambavyo wote wanavidai, havikuandikwa popote. Huko ndiko 1988 mabaharia 64 wa Vietnam walikufa kwenye mwamba wa Johnson South, na huko ndiko Mei 2014 China ilipeleka mtambo wa kuchimba mafuta na meli zikaanza kugongana.