Kupanua taya ili mtoto apumue: dai linasimama wapi

Mtoto wa miaka saba anakoroma, analala mdomo wazi, na meno yake ya juu yamebanana. Kliniki nyingi za kupanga meno siku hizi zina jibu moja kwa yote matatu: kifaa cha kupanua taya la juu. Kifaa chenyewe ni cha zamani. Emerson Angell alikieleza Marekani mwaka 1860, na Andrew Haas akakifufua mwaka 1961. Kilichobadilika ni ahadi. Awali kilifungwa ili meno ya juu na ya chini yakutane vizuri. Sasa mzazi anauziwa pumzi.

Hoja ina msingi. Kaakaa ndilo sakafu ya pua, na utotoni vipande vyake viwili vya mfupa vimeungana kwa mshono ambao haujashikamana. Kifaa hugandishwa kwenye magego ya pande zote mbili, skrubu ikiwa katikati. Mzazi huzungusha ufunguo robo mzunguko, mara moja au mbili kwa siku, na kila robo hufungua takriban milimita 0.25. Kwa kawaida kabla ya wiki mbili kuisha, mwanya hujitokeza kati ya meno mawili ya mbele (mzazi ambaye hakuonywa hushtuka sana). Ni dalili njema: mshono umeachia. Kifaa kikishafikisha upana unaotakiwa huachwa mdomoni miezi mitatu hadi sita ili mfupa mpya ujaze. Kikitolewa mapema, taya hurudi.

Upande wa kupumua, utafiti unaotajwa zaidi ni wa Paola Pirelli na wenzake, 2004. Watoto 31 wenye taya jembamba walikuwa wakikatika pumzi usingizini wastani wa mara 12.2 kwa saa. Baada ya kupanuliwa wakashuka chini ya mara 1. Wanaoutangaza huruka mambo mawili: watoto hao hawakuwa na tonsili wala nyama za pua zilizovimba, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Kundi hilo si jambo dogo. Katika jaribio la kitabibu la Marekani liitwalo CHAT, lililochapishwa 2013, watoto 464 wanaokatika pumzi usingizini waligawanywa: wengine waliondolewa tonsili na nyama za pua, wengine wakasubiri wakiangaliwa. Baada ya miezi saba vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Kifaa chochote ambacho kingevaliwa na hao wa kundi la pili kingesifiwa bure.

Hata hivyo kusubiri kuna gharama yake. Mshono huzidi kukaza mtoto anapovuka balehe, na baadaye nguvu ile ile huinamisha meno badala ya kutenganisha mfupa. Kwa hiyo mtoto ambaye magego yake ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini apanuliwe mapema, akorome au asikorome. Pua ikifunguka, ni faida ya ziada. Lakini taya lenye upana wa kawaida kulipanua kwa sababu ya kukoroma tu ni kosa: mizizi husukumwa kwenye ukingo wa nje wa mfupa, na fizi huweza kushuka. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani, katika waraka wake wa 2019, hakikuunga mkono kupanua taya kama kinga ya matatizo ya usingizi.

Anayekoroma aanzie kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aangaliwe tonsili, nyama za pua na mzio. Akifungiwa kifaa, ufunguo ufungwe uzi asiumeze, na kila mzunguko ukamilishwe hadi tundu linalofuata lionekane, la sivyo kesho ufunguo hauingii. Wiki mbili zikipita bila mwanya, acha kuzungusha umrudishe kwa daktari. Huenda ni meno tu yanayoinama.

Halafu kuna zile picha za 3D za kliniki, zenye koo lililopakwa rangi nyekundu na kijani. Hupigwa mtoto akiwa macho, na ukubwa wa njia ya hewa hubadilika ulimi ukisogea au akimeza mate. Haziwezi kuonyesha kinachotokea saa nane za usiku. Hilo huonekana kwenye kipimo cha usingizi.