Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Familia yake iliishi Lewisham, kusini-mashariki mwa London, mita zipatazo 25 kutoka South Circular, barabara ambayo magari hayakatiki. Katika miaka yake ya mwisho pumu ilimlaza hospitali karibu mara 30. Uchunguzi wa kifo chake uliofanyika 2014 ulisema alishindwa kupumua. Alikuwa akivuta hewa ya namna gani kila siku, hilo halikuulizwa.

Aliyeuliza ni mama yake, Rosamund, aliyekuwa mwalimu. Tangu hapo amekisimulia kifo cha mwanawe mahakamani, bungeni, mbele ya madaktari na waandishi wa habari, miaka nenda miaka rudi. Na hayuko peke yake. Kila Oktoba, mwezi ambao Uingereza imeutenga tangu 1987 kwa historia ya watu Weusi, halmashauri, vyuo na makampuni huwaita jukwaani Weusi walioleta mabadiliko katika jamii zao, waeleze yaliyowakuta. Wapo wanaosema simulizi hizo ndizo zinazoisukuma nchi. Wapo wanaosema zinamchosha msimuliaji na kumstarehesha msikilizaji, kisha kila mtu anarudi nyumbani.

Wa kwanza wana hoja nzito. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wazee waliotoka Karibi wakiwa watoto, hasa kabla ya 1973, wanaoitwa kizazi cha Windrush, walikuwa na haki kamili ya kuishi Uingereza, lakini miaka ya 2010 walianza kufukuzwa kazi, kunyimwa matibabu na kuwekwa kizuizini kwa kukosa karatasi. Paulette Wilson, aliyefika kutoka Jamaica mwaka 1968 na kuwahi kupika katika mkahawa wa Bunge, alizuiliwa mwaka 2017 ili arudishwe nchi ambayo hakuwa ameiona kwa takriban miaka 50. Yeye na wenzake walipokubali kutaja majina yao magazetini, waziri mkuu aliomba radhi, na Aprili 2018 waziri wa mambo ya ndani akajiuzulu. Wanasheria na mashirika walikuwa wamelalamika kabla ya hapo bila kusikilizwa. Kilichoitikisa serikali ni sura ya bibi mmoja na maneno yake mwenyewe.

Lakini tazama kilichofuata. Mfuko wa fidia ulifunguliwa 2019 chini ya wizara ileile iliyowatesa, na waathirika wakatakiwa kuthibitisha kwa nyaraka walichopoteza. Kumbuka kwamba kadi za kuingilia nchini, ambazo zingewasaidia, wizara hiyo ilikuwa imeziteketeza mwaka 2010. Novemba 2021 kamati ya Bunge iliripoti kwamba kati ya watu 15,000 waliokadiriwa kustahili, asilimia 5.8 tu ndio waliokuwa wamelipwa chochote, na 23 walikuwa wamekufa wakisubiri. Paulette Wilson alifariki Julai 2020, mwezi mmoja tu baada ya kupeleka ombi Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu, kuwatetea wenzake. Nikiufikiria mwezi huo, siwezi kuwabishia wanaosema kwamba kusimulia kunamla mtu.

Kuna pia wanaosema hadithi ya mtu mmoja si kipimo, na sera ijengwe kwa takwimu. Hoja hii naiona dhaifu kuliko inavyosikika, kwa sababu takwimu nazo hulala makabatini. Ripoti za vifo vya wajawazito Uingereza zilikuwa zimeonyesha kwamba mwanamke Mweusi alikuwa katika hatari ya kufa hadi mara tano kuliko mwanamke Mzungu. Ni akina mama wawili Weusi, Tinuke Awe na Clotilde Abe, waanzilishi wa kampeni ya Five X More, waliokusanya sahihi zaidi ya 180,000 hadi Bunge likalijadili jambo hilo Aprili 2021. Namba ilikuwepo, ikakosa watu wa kuisemea.

Narudi kwa Rosamund, kwa kuwa kwake ndiko ninakoona tofauti. Machozi yake peke yake hayakubadilisha cheti cha kifo. Profesa Stephen Holgate, mtaalamu wa pumu, aliziweka tarehe ambazo Ella alilazwa sambamba na vipimo vya hewa ya mtaa wao, akaonyesha jinsi mashambulio ya pumu yalivyofuata siku za moshi mzito. Kwa ushahidi huo Mahakama Kuu ilifuta matokeo ya 2014, na Desemba 2020 uchunguzi wa pili ukatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, jambo lisilowahi kuandikwa kuwa chanzo cha kifo nchini humo. Ulisema pia kwamba mama huyu hakuwahi kuelezwa hatari ya hewa ile. Angeelezwa, angechukua hatua ambazo huenda zingemwokoa mwanawe.

Hapo simulizi ilikutana na mtu aliyebeba sehemu ya mzigo, na chombo chenye nguvu ya kuamua. Wazee wa Windrush walisimulia, kisha wakaambiwa waubebe ushahidi wenyewe. Ndiyo maana sitamwambia mtu yeyote anyamaze, ila nitamuuliza anayemwalika: una mamlaka gani, na utafanya nini na utakachosikia? Asiye na jibu asimwite mtu akafukue msiba wake.

Hata Rosamund hajapata yote. Oktoba 2024 alifikia makubaliano na serikali nje ya mahakama, akapewa maneno ya pole. Mswada wa hewa safi unaoitwa Sheria ya Ella ulipita Bunge la Malodi Desemba 2022, lakini haukuvuka Bunge la Makabwela ukawa sheria. Wabunge walikwisha kumsikia, tena mara nyingi. Kilichobaki ni wao kuupigia kura.