Ugumu wa Bonde Hauko Kando ya Mto

Anayechora kwa mara ya kwanza njia ya baiskeli katika bonde la mto hufanya kosa nililolirudia mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa: huufuata mto kuanzia mwanzo hadi mwisho. Macho yake hayatajuta, lakini miguu haitapata ilichokuja kutafuta, kwa sababu mto uliotulia hushuka mita chache tu kwa kila kilomita, na barabara iliyo sambamba nao haiwezi kuwa na mlima wa maana. Anayetaka siku ngumu kwelikweli na aichukue barabara ya mtoni kuwa mahali pa kuvuta pumzi, kisha autafute ugumu kwenye kuta za bonde: apande hadi juu upande mmoja, arudi chini, avuke, apande tena upande wa pili.

Ndiyo sababu siku hizi naanza na madaraja kabla ya kuitazama milima. Madaraja ndiyo yanayoamua ni mara ngapi utavuka, na kwa hiyo ni mara ngapi utapanda. Nimewahi kukuta daraja limefungwa kwa matengenezo nikiwa nimeshakanyaga kwa muda wa saa nne, na la pili lilikuwa mbali kiasi kwamba sehemu iliyobaki ya njia yangu ilikufa palepale.

Baada ya madaraja huja mistari ya kontua, ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, nayo inahitaji subira, kwa maana mabonde hayafanani. Bonde lililochongwa na barafu lina sakafu bapa na kuta zinazoanza ghafla. Mlima wa Alpe d'Huez nchini Ufaransa, wenye kilomita 13.8, kona 21 na wastani wa mwinuko wa asilimia 8.1, yaani mita 8 hivi za kupanda kwa kila mita 100, huanzia kwenye sakafu ya namna hiyo katika bonde la mto Romanche, na kilomita zake za mwanzo ni miongoni mwa zile kali zaidi; mwendeshaji hufika akitoka tambarare, ana kasi na ana majivuno, halafu vyote viwili humtoka kabla ya kona chache kupita. Bonde lililochimbwa na mto wenyewe katika nchi ya uwanda wa juu mara nyingi huwa kali karibu na maji, kisha hulegea kadiri unavyoukaribia uwanda. Na pale mto unapojipinda, ukingo wa nje wa pindo huliwa na maji ukawa genge, ilhali ule wa ndani hushuka taratibu, kwa hiyo nikiona barabara inapanda kutoka upande wa nje najua mapema kwamba haitanihurumia.

Iko pia barabara ninayoiona kuwa ya hila kuliko zote, ile inayopita katikati ya ukuta, si chini wala si juu. Kila kijito kinachoingia mtoni kinaikata, nawe unashuka kukivuka na kupanda tena. Vipando ishirini vya mita 15 ni mita 300, na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekiita mlima.

Kuhusu jumla ya mita za kupanda inayotolewa na programu za njia, mimi siiamini hasa penye makorongo. Programu nyingi zimetegemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa kutoka angani mwezi Februari 2000, ambavyo nukta zake bora zimeachana kwa mita 30 hivi. Penye korongo jembamba, mita 30 zinatosha kutoka barabarani hadi majini au hadi juu ya jabali, na programu huziunganisha nukta hizo ikachora mlima wa asilimia 25 ambao haupo. Barabara ikipita ndani ya handaki, mchoro hukupandisha mpaka kileleni. Afadhali uhesabu kontua mwenyewe kwa kidole.

Ukishaujua mwinuko, pima gia kabla ya kupima ushujaa. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake ni kilo 85 kwa pamoja, gia yake ya mbele ina meno 34 na ya nyuma 28, naye anazungusha pedeli mara 70 kwa dakika. Atakwenda karibu kilomita 10.7 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 12 mwendo huo unaidai miguu yake nguvu ya takriban wati 300. Akiweka meno 34 nyuma, mzunguko uleule unampa karibu kilomita 8.8 kwa saa kwa takriban wati 250. Tofauti hiyo haionekani sana kwenye mlima wa kwanza, ila kwenye wa nne ndiyo inayoamua nani anaendelea kukanyaga na nani anasukuma baiskeli kwa mkono.

Upepo nao una saa zake. Siku ya jua isiyo na dhoruba, hewa ya bondeni hupanda kuelekea chanzo cha mto na hupata nguvu zaidi alasiri, kisha usiku hugeuka na kushuka. Napenda kwa hiyo kuteremka na mto asubuhi, nikafanya kuta zangu kali mapema, na kuuacha upepo unisukume mgongoni wakati wa kurudi, miguu ikiwa imekwisha.

Jambo la mwisho ninaloliamua ni mteremko wa kwanza wa siku. Kama bonde limelala kutoka kaskazini kwenda kusini, nashukia ukuta unaotazama mashariki, kwa sababu jua la asubuhi huuwahi na lami yake hukauka. Ule wa ng'ambo bado uko kivulini, una umande na majani yaliyolowa kwenye kona, na mimi huo naupanda tu.