"Hana Neno, Ni Mpole": Bata Kaambiwa na Nani?

Tulikuwa tumesimama, mimi na mbwa wangu Bobi, ukingoni mwa ziwa ndani ya hifadhi moja ambayo getini kwake kuna kibao kikubwa, kisichohitaji miwani: MBWA AFUNGWE KAMBA WAKATI WOTE. Maji yametulia, bata wametapakaa kwenye matete, korongo mmoja anatafuta riziki yake taratibu kwenye tope. Ghafla likatokea jibwa, mbio, likapita katikati yetu na kujitosa majini chubwi! Ndege wote juu. Hakubaki hata mmoja. Mwenye mbwa yuko nyuma huko, anakuja kwa madaha, kamba kaivaa yeye shingoni, tabasamu hadi masikioni. "Usiogope," ananiambia, "hana neno. Ni mpole!"

Sasa bwana mkubwa, nani kakwambia mimi ndiye niliyeogopa?

Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na kila nikiisikia damu inanichemka upya. Hana neno. Ni mpole. Hang'ati. Anataka kucheza tu. Kana kwamba hifadhi nzima, kuanzia nyani hadi kwale, imepewa barua ya utambulisho wa mbwa wako na ikatia sahihi.

Kabla hamjaanza kunirushia mawe: nafuga mbwa, nampenda, na najua raha ya kutoka naye. Mbwa akiwa porini si yule anayelala sebuleni. Pua ya Bobi huanza kufanya kazi hata kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri. Akishuka anainamisha kichwa kwenye jani moja, jani moja tu, analinusa juu, analinusa chini, anapuliza pumzi kidogo, anarudia tena, sikio moja limesimama na jingine limelala, na mimi nasubiri na kamba mkononi mpaka amalize. Ukimvuta anakutazama kwa dharau. Raha ile siibezi. Ninachokataa ni kuifanya raha ile kuwa kibali.

Maana upole ni habari ya mbwa na wewe. Ni jambo la nyumbani kwenu. Ndege anayetaga chini kwenye nyasi hana muda wa kumfanyia mbwa wako usaili. Anachokiona ni miguu minne, meno, na mwendo wa mnyama anayewinda. Anachofanya ni kile kilichowaweka hai mababu zake, yaani kukimbia kwanza. Waliobaki kupima tabia ya mgeni waliliwa zamani.

Na wala simaanishi mbwa waliofunguliwa peke yao. Hapa ndipo wenzangu wengi wanaofuga hununa, kwa hiyo mnisikilize vizuri. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye misitu ya viunga vya Sydney, katika maeneo 90. Baadhi ya njia alipita mtu na mbwa, nyingine mtu peke yake, nyingine hakupita yeyote, kisha ndege wakahesabiwa. Palipopita mbwa, idadi ya ndege ilikuwa pungufu kwa asilimia 41 na aina za ndege kwa asilimia 35, ukilinganisha na njia ambazo hakupita mtu. Mtu bila mbwa alisababisha chini ya nusu ya madhara hayo. Na mbwa wale, jamani, wote walikuwa kwenye kamba! Wenye adabu zao, wanatembea pembeni mwa mabwana zao, hawakumkimbiza hata panzi.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti huo ambalo ndilo lililoninyima usingizi. Watu husema ndege watazoea. Tukipita kila siku wataona hatuna shida nao, watatulia. Watafiti walilijaribu hilo pia: walikwenda kwenye misitu ambako mbwa hupitishwa kila mara, na kwenye ile ambako wamekatazwa. Hapakuwa na tofauti. Ndege hawakuzoea. Kila mbwa alikuwa mbwa wa kwanza.

Fikirini maana yake kwa ndege mmoja tu, jike, anayeatamia. Anaruka. Mayai yanabaki wazi, jua likiwa kali yanapata moto, upepo ukiwa baridi yanapoa, na kunguru juu ya mti hana haraka, anaangalia. Wewe umeshapita, uko mbele unapiga picha, unaandika mtandaoni "siku njema na rafiki yangu wa miguu minne". Baada ya muda kidogo anakuja mwingine na wake, mpole vilevile. Halafu mwingine. Hakuna hata mmoja aliyefanya kosa, ukiwauliza. Ndiyo maana sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 kuhusu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wazi haikuuliza habari za upole: kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, msimu ambao ndege wa chini wanalea, mbwa kwenye ardhi hiyo awe kwenye kamba fupi isiyozidi mita 2. Basi. Mpole, mkali, wa tajiri, wa maskini, mita 2.

Halafu hata mkiondoka hamjaondoka. Bobi akipita mahali lazima aache saini: kichaka hiki tone, jiwe lile tone, nguzo ya kibao cha hifadhi (samahani, wakubwa) tone. Kwetu ni vichekesho. Kwa wanyama wanaoishi kwa kunusa ni tangazo kwamba mwindaji amepita hapa, na tangazo hilo linabaki pale wewe ukiwa umeshafika kwako na umevua viatu. Swala hajui kwamba aliyeacha harufu ile hulala na blanketi.

Kwa anayedhani natia chumvi, kuna kisa cha msitu wa Waitangi kule New Zealand, mwaka 1987. Watafiti walikuwa wamewafunga ndege 24 wa aina ya kiwi vifaa vya redio ili wawafuatilie. Ndege wakaanza kuokotwa wamekufa. Katika hao 24, 13 waliuawa, na makadirio ya msitu mzima yakawa kiwi kama 500 kati ya takribani 900. Muuaji? Mbwa mmoja. Jike la aina ya German shepherd, amevaa mkanda shingoni, maana yake kuna siku alikuwa na mtu, na huenda mtu huyo angewaambia hana neno. Yote hayo katika wiki chache tu. Kiwi haruki, ananukia sana, analala mchana, na kifua chake hakina ule mfupa mkubwa na misuli walivyo navyo ndege warukao, kwa hiyo si lazima ang'atwe ndipo afe. Hata mbwa anayemkumbatia kwa mdomo akitaka mchezo anaweza kumvunja. Narudia kwa wale wa nyuma: anayetaka mchezo. New Zealand leo huwezi kuingia na mbwa kwenye hifadhi ya taifa bila kibali maalumu, na sioni nani wa kuwalaumu.

Magonjwa nayo. Mwaka 1994 distempa ya mbwa iliingia Serengeti ikaua simba wapatao 1,000, kama theluthi moja ya simba wa pale. Simba! Mnyama ambaye mbwa wako angemwona tu angejikojolea, kauawa na ugonjwa wa mbwa. Nakubali, shingo upande, kwamba mbwa wale walikuwa wa vijiji vya jirani na si wa watalii, na kwamba kisa chenyewe hakikuwa chepesi: ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umedhoofisha nyati, kupe wakazidi, simba wakala nyama yenye vimelea, wakawa wamekwisha nguvu kabla virusi havijawamaliza. Na baadaye ikaonekana kwamba hata mbwa wakichanjwa, virusi vinaweza kuendelea kuzunguka kwa wanyamapori wenyewe. Sawa. Lakini mimi katika maelezo hayo sioni faraja, naona ni sababu zaidi. Ukishaingiza kitu porini hukitoi tena. Kule milima ya Bale, Ethiopia, mwaka 2003 kichaa cha mbwa kilifagia karibu robo tatu ya mbwa mwitu wa Ethiopia katika bonde moja, na dunia nzima wanyama hao hawafiki hata 500. Kwa hiyo kadi ya chanjo ya Bobi hukaa ndani ya gari, na anayeiona ni usumbufu namshauri amfuge samaki.

Mavi. Lazima tuyaseme. Wapo wasiookota kabisa, kwa hoja kwamba "ni mbolea". Ni kweli ni mbolea, ndiyo tatizo lenyewe! Mwaka 2022 watafiti walipiga hesabu kwenye hifadhi karibu na Ghent, Ubelgiji, wakaona mbwa wanaacha kwa mwaka kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta, na mimea mingi ya porini inaishi pale kwa sababu udongo wake ni mnyonge. Ukiunenepesha, magugu ndiyo yanayosherehekea. Hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba kuokota tu kungeondoa karibu fosforasi yote. Lakini hao angalau nawaelewa, ni wavivu. Nisiowaelewa ni wale wanaoinama, wanaokota, wanafunga mfuko fundo zuri, kisha wanautundika mtini. Mtini! Kinyesi ambacho kingeoza sasa kimewekwa kwenye plastiki, kimepewa uzima wa milele, kinaning'inia usawa wa macho. Hongera sana. Nimeuona mmoja wa rangi ya waridi, una alama za nyayo za mbwa, na harufu ya manukato ya kiwandani bado inapambana na ile nyingine.

Joto nalo lisisahaulike: mbwa hatoki jasho kama sisi, anategemea kuhema, na jiwe linalokuunguza kiganja litamuunguza nyayo.

Wapo watakaosema kamba inamnyima mbwa uhuru. Mwaka 1981, hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mbwa alitoka kwenye gari akajirusha kwenye chemchemi ya moto iliyozidi nyuzi 90. Kijana wa miaka 24, ambaye mbwa hata hakuwa wake, alimfuata kichwa mbele kumwokoa. Walikufa wote wawili. Leo pale mbwa hapiti kwenye madaraja ya mbao wala vijia vya miguu, na kamba ni futi 6, kama mita 1.8. Uhuru gani mnaoutaka?

Haya, najua linalokuja. "Na watu je?" Watu wenye spika mgongoni, watu wenye droni, watu wanaokata kona ya njia ili picha itoke vizuri. Kweli kabisa, wanaudhi, na binafsi nikikutana na spika porini natamani yule bwana wa ziwani angekuwa karibu na jibwa lake. Lakini ubaya wa jirani haujawahi kumsafisha mtu. Pia kweli kuna mbwa wanaofanya kazi hifadhini, wanaonusa meno ya tembo na kufuata nyayo za majangili. Wamefundishwa, wanasimamiwa, wana kazi. Wa kwako amekuja kutalii.

Siwaambii mkae nyumbani. Zipo hifadhi zinazopokea mbwa kwa mikono miwili. Kuna Acadia, huko huko Marekani, ambako njia nyingi ziko wazi kwa mbwa, na zipo nyingine za namna hiyo. Nendeni huko. Kamba fupi, katikati ya njia, mfuko unarudi nao mfukoni. Ile kamba ya kujirefusha inayofika kona ya pili kabla yako haiitwi kamba, msijidanganye. Na kama kibao kinasema mbwa hawaingii, hawaingii. Usimfungie kwenye gari "kwa dakika tano" ukashuke ukaone maporomoko. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa kasi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya nusu saa ya mwanzo, na ufa wa dirisha hausaidii kitu cha maana.

Hapo kwenye gari ndipo na mimi nina neno na wenye hifadhi. Kibao chenu kinasema HAPANA, halafu kwisha. Mtu aliyesafiri nusu siku na mbwa wake anafika getini, anakutana na picha ya mbwa iliyopigwa mstari mwekundu, hana pa kumwacha na hajaambiwa kwa nini. Hapo ndipo uongo wa aina ya "wa kwangu ni mpole" unapozaliwa. Andikeni sababu: ndege wanalea, tutegemee mwezi fulani, njia ile mbadala iko wazi. Wekeni kwenye tovuti yenu sheria za mwaka huu, si za miaka sita iliyopita. Mkiweza, jengeni banda lenye kivuli pale nje ya geti, na bomba la maji, na mtu wa kulitunza. Tozeni hela, tutalipa.