Nani Kawaambia Bila Karatasi Huna Kesi?

Juzi msibani hapa Dodoma, mzee mmoja wa heshima zake alimwambia dada mmoja mwenye boma lisilo na bati: "Kama hamkuandikishana na fundi, samehe tu. Utamshtaki kwa lipi?" Watu wakatikisa vichwa kukubali, sahani za pilau mkononi.

Shikamoo mzee, lakini hapana.

Dada huyu alimlipa fundi hela ya kupaua mapema, ili mvua za Desemba zimkute ndani. Na mvua zetu huku si za kubahatisha, zikianza zimeanza. Kenchi, zile mbao za kubeba bati, zikasimama upande wa sebuleni, vyumbani hakuna kitu. Kwanza fundi alikuwa "njiani nakuja bosi", baadaye mkewe anaumwa, baadaye simu haipatikani. Tangu serikali ihamie huku, fundi anayejua kazi anashika saiti tatu kwa mpigo, Iyumbu, Nala na Msalato, na hela yako ya kupaua inamwaga zege la sakafu ya mtu mwingine.

Sasa hiyo habari ya karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inasema mapatano ni mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wanaoruhusiwa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kupaua nyumba hakudai mhuri. Mmekubaliana kwa mdomo chini ya mwarobaini, ukalipa, akaanza kazi: huo ni mkataba. Kinachobaki ni kuuthibitisha, na hapo ndipo tunapojidharau bure. Muamala wa simu wenye jina lake unao. Ujumbe wake wa sauti kwamba "Jumatatu namalizia, mama" unao, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ushahidi wa namna hiyo. Risiti za mbao unazo. Saidia fundi aliyekuwa akipandisha mbao ana macho na mdomo. Mama ntilie aliyewauzia chai pale saiti anajua siku ya mwisho walipoonekana kuliko hata wewe. Ni karatasi gani tena mnaililia?

Wengine wanakimbilia polisi fundi "akae ndani kidogo". Akikaa ndani, bati litapanda lenyewe? Kama kauza nondo zako, huo ni wizi, nenda kituoni hata usiku. Kama alikuwa tapeli tangu mwanzo, nenda pia. Lakini kushindwa kumaliza kazi peke yake ni madai, na madai yana mlango wake: andika barua ya madai, mpe muda, mkabidhi mbele ya shahidi. Akipuuza, Mahakama ya Mwanzo, huko mambo ni Kiswahili mwanzo mwisho. Muda wa kudai haki ya mkataba ni miaka sita, kwa hiyo aliyekuambia "umechelewa" baada ya masika moja anakutania.

Na udai cha maana. Usiende kudai hela yote wakati nusu ya kenchi imesimama, utaonekana mlafi. Kifungu cha 73 cha Sheria ile ile ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara iliyotokana na yeye kuvunja mkataba, mfano ile hela ya ziada utakayomlipa fundi wa pili amalize. Hicho hicho kinaangalia kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara ukakaa tu. Kwa hiyo usiache kuta zinyeshewe msimu mzima ukisubiri hukumu. Piga picha kila kona, mwite fundi mwingine apime na aandike gharama, kazi iendelee.

Bodi ya Usajili wa Makandarasi? Peleka malalamiko huko kama ulimwajiri mkandarasi aliyesajiliwa. Wengi wetu tulipewa namba ya fundi na shemeji.

Haya, mafundi nao wana yao, nakubali shingo upande. Yupo mwenye nyumba anayebadili ramani ikiwa imefika lenta, halafu anakasirika bei ikiongezeka. Na ni kweli unaweza kushinda kesi, ukamkuta fundi ana koleo na baiskeli tu. Hapo omba mahakama imwamuru alipe kwa awamu, kila saiti anayoshika akukatie kidogo. Inachosha. Ila dada yule bado anayo miamala kwenye simu, na yule saidia fundi kakubali kusimama kuwa shahidi.